Nani Atajua Kwamba Hajarudi?

Kwa miaka mingi, katika mtaa wa Ibrox jijini Glasgow, Scotland, palikuwa na chumba kidogo kinachotazama barabara, na ndani yake daftari. Mwendo mfupi kutoka hapo, Brand Street, ndipo zilipo ofisi za Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ambako waomba hifadhi hutakiwa kufika kusaini. Aliyekuwa anakwenda kusaini alipita kwanza chumbani, jina lake likaandikwa. Akitoka salama, alirudi kusema ametoka. Asiporudi, watu wa kujitolea waliokuwa zamu walijua kwamba amezuiliwa, na simu zikaanza kupigwa: kwa wakili wake, kwa jamaa zake, kwa ofisi ya mbunge wake.

Chumba hicho kiliitwa Unity. Ukikaa na waomba hifadhi wa Uingereza hutachelewa kujua uzito wa neno hilo, kusaini. Ombi la mtu limekataliwa, rufaa zimekwisha, na bado anatakiwa ajipeleke mwenyewe, kwa miguu yake, kwenye mlango ambao huenda asiutoke. Asipokwenda, amevunja masharti. Akienda, anaweza kupelekwa chumba cha nyuma, akapandishwa gari, na usiku huo akalala Dungavel, kituo cha kuzuilia wahamiaji kilichoko mashambani South Lanarkshire, huku nyumbani kwake maharage aliyoyaloweka asubuhi yakimsubiri jikoni.

Nimesoma hukumu nyingi na taarifa nyingi za kampeni za kuwatetea watu wasirudishwe kwa nguvu, na kila mara fikra zangu hurudi kwenye daftari lile. Kwetu pwani mtu asipoonekana, jirani huuliza kabla polisi hajajua: mbona fulani leo simwoni? Mwanamke wa pembeni atatuma mtoto akagonge mlango. Mgeni aliyetupwa ghorofa ya 20 katika jiji asilolijua hana wa kumuuliza. Anaweza kuondolewa alfajiri na hadi jioni asiwepo hata mtu mmoja aliyegundua. Ndiyo maana nasema kampeni haianzi na bango wala na saini. Inaanza siku anapopatikana mtu wa kujua kwamba hajarudi.

Glasgow haikuzaliwa na moyo huo. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1999 ndiyo iliyowatawanya waomba hifadhi kutoka London na kusini mwa Uingereza kuwapeleka miji mingine, na Glasgow ikawapokea kwa maelfu katika maghorofa ambayo wenyeji wengi walikuwa wameyakimbia. Hakuna aliyewaandaa wenyeji, wala hakuna aliyewaandaa wageni. Agosti 2001 kijana wa Kikurdi kutoka Uturuki, Firsat Dag, alichomwa kisu akafa katika mtaa wa Sighthill. Alikuwa na miaka 22. Wakimbizi waliandamana kwa uchungu, wenyeji nao wakalalamika kwamba umaskini wao ulikuwepo kabla ya mgeni yeyote kufika na hakuna aliyewahi kuwajali. Yote mawili yalikuwa kweli.

Kilichobadilisha mambo ni watoto. Watoto walikwenda shule, wakakaa dawati moja, wakaambukizana lafudhi. Mtoto wa Mogadishu akawa anazungumza Kiingereza cha Glasgow kuliko mwalimu aliyetoka Edinburgh. Na siku moja, Machi 2005, dawati likawa tupu.

Lilikuwa la Agnesa Murselaj, mwanafunzi wa miaka 15 wa Drumchapel High School, kutoka familia ya Waroma wa Kosovo iliyokuwa imeishi Glasgow miaka mitano. Maofisa walikuja alfajiri. Sisi tuliolelewa kupiga hodi, kusubiri, kupiga tena, na kuondoka baada ya hodi ya tatu isiyojibiwa, tunaweza kuupima ukatili wa jambo hili bila kufafanuliwa sheria. Nyumba ya mtu ina heshima yake, na usingizi una heshima yake. Msako wa alfajiri huvunja vyote viwili mbele ya watoto. Familia ilipelekwa Yarl's Wood, kituo cha kuzuilia kilichoko Bedfordshire, mamia ya kilomita kusini, ikawa inasubiri ndege.

Rafiki zake hawakungoja mtu mzima awaambie la kufanya, ingawa walikuwa na bahati ya kuwa na mwalimu, Euan Girvan, aliyesimama nao. Walikuwa saba tukimhesabu Agnesa mwenyewe. Amal Azzudin alikuwa amekuja kutoka Somalia, Roza Salih alikuwa Mkurdi wa Iraq, Ewelina Siwak alitoka Poland, na wengine, Emma Clifford, Jennifer McCarron na Toni-Lee Henderson, walikuwa wasichana wa hapo hapo Drumchapel. Walizungusha karatasi ya saini shule nzima. Wakaenda kwa wanasiasa, wakaenda Bunge la Scotland, wakamkabili Waziri Kiongozi wa wakati huo, Jack McConnell, wakimuuliza maswali ambayo wabunge wenyewe walikuwa wanayakwepa. Magazeti yakawapa jina la Glasgow Girls.

Baada ya wiki tatu hivi Agnesa na familia yake waliachiwa, na baadaye wakapata kibali cha kukaa. Mwaka huo huo wasichana hao walipewa tuzo ya kampeni bora ya mwaka nchini Scotland. Hadithi yao imetengenezwa tamthilia ya muziki na filamu, na wanastahili. Lakini Septemba ya mwaka huo huo wa 2005 familia nyingine ya Drumchapel, nayo yenye watoto waliosoma shule ile ile, ilichukuliwa alfajiri na kupelekwa Albania. Saini zilikuwepo, kamera zilikuwepo, wasichana walikuwepo. Haikusaidia. Sheria za uhamiaji zinatungwa London, si Edinburgh, na ahadi ambazo McConnell alitaka kuzipata kutoka London hazikupatikana kama alivyotaka. Anayeingia katika kazi hii akidhani kelele zikiwa nyingi basi mtu atabaki, bora aambiwe mapema.

Huko Scotstoun, mtaa mwingine wa Glasgow, kwenye maghorofa ya Kingsway, akina mama walichagua njia nyingine. Jean Donnachie na Noreen Real, Waskoti wenyeji, walichoka kusikia majirani wakiburutwa asubuhi. Wakaanza kuamka kabla ya jua, wao na wenzao, wakatazama barabara kutoka ghorofa za juu. Magari ya maofisa yakionekana yakiingia, simu zilipigwa, na familia zilizokuwa hatarini zikahamia nyumba ya jirani, kwa chai, mpaka magari yaondoke. Ni zamu ya ulinzi wa mtaa, sungusungu ya akina mama, isiyo na silaha ila simu na birika. Nawawazia wakiwa na makoti juu ya nguo za kulalia, kwenye baridi ya Glasgow ya Februari, wakilinda watu ambao pengine walikuwa hawajui hata kutamka majina yao vizuri.

Baada ya hapo inakuja kazi isiyopigwa picha. Mtu aliyekataliwa akitaka kuwasilisha ushahidi mpya, kwa miaka kadhaa kuanzia 2015 ilibidi aende mwenyewe Liverpool, popote alipo nchini. Fikiria aliyeko Glasgow: haruhusiwi kufanya kazi, posho imekatwa, analala kwenye kochi la mtu, na anatakiwa asafiri kwenda na kurudi mji ulio nchi nyingine ya muungano ili akabidhi bahasha. Basi kampeni inakuwa kuchanga nauli. Inakuwa kumtafutia wakili anayekubali kesi ya msaada wa sheria, na mawakili hao ni wachache. Inakuwa kumpata daktari wa kuandika kuhusu makovu mgongoni. Inakuwa kukaa naye usiku ule wa kabla ya kusaini, kwa sababu hawezi kulala.

Na kabla ya yote hayo liko swali ambalo wanaoharakisha kampeni hulisahau: je, mwenyewe anataka jina lake lijulikane? Picha yake ikiwekwa kwenye bango mjini Glasgow, itafika Kinshasa au Kampala kabla yake. Kampeni ikishindwa, atashuka kwenye ndege akiwa anajulikana kuwa ni yule aliyeisema vibaya serikali, au yule aliyetangaza mbele ya dunia kwamba anapenda watu wa jinsia yake. Watetezi wazoefu humuuliza mara ya kwanza, humuuliza tena kesho yake, na akisema hapana wanafanya kazi kimyakimya. Wapo waliobaki Uingereza leo bila mtu yeyote kuwahi kusikia majina yao. Hizo nazo ni kampeni.

Msomaji wa Kiswahili asidhani habari hizi ni za Wakosovo na Wakurdi tu. Lugha hii unayoisoma imewahi kusimamishwa mbele ya majaji wa Uingereza ipimwe, na hatima za watu zikategemea kipimo hicho.

Wabajuni, ambao wengine huwaita Watikuu, ni watu wa pwani na visiwa kutoka Kismayu kushuka hadi upande wa Lamu. Upande wa Somalia kuna Koyama, Chovai, Chula na vingine. Upande wa Kenya kuna Faza, Kizingitini, Ndau, Kiwayu. Mpaka uliwapitia katikati. Bahari haikuujua mpaka huo, na wavuvi hawakuujali. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, watu wa visiwani, wachache, wasio na silaha wala ukoo mkubwa wa kuwalinda, walivamiwa, wakaporwa vyombo vyao vya baharini, wakakimbilia Kenya. Wengi waliwekwa kambi ya Jomvu, Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kambi hiyo ikafungwa, wakatakiwa warudi. Hapo na sisi Waafrika Mashariki tunalo la kujibu.

Baadhi yao walifika Uingereza wakaomba hifadhi. Swali la maofisa lilikuwa moja, limevaa nguo mbalimbali: wewe ni Mbajuni wa Somalia kweli, au ni Mkenya unayejifanya? Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa uamuzi wa mwongozo uliohusu hasa jambo hili, uwezo wa mtu kuzungumza Kibajuni. Baadaye ikaja njia ya kupima lugha kwa simu. Mwombaji anazungumza, sauti inarekodiwa, na wachambuzi wa kampuni ya Sprakab ya Sweden wanaandika ripoti kwamba lafudhi hii ni ya Somalia au ni ya Kenya. Mmoja wa watu ambao kesi zao zilifika ngazi za juu kwa sababu ya ripoti za namna hiyo alisema anatoka Koyama.

Nimekulia Mombasa. Mtaani kwetu alikuwepo mzee wa Kibajuni aliyekuwa akishona nyavu barazani kwake, na sisi watoto tulikuwa tukikaa karibu kumsikiliza akihesabu, kwa sababu mahali petu pa t yeye aliweka ch. Mtu kwake alikuwa mchu. Tatu ilikuwa chachu, na kila alipofika hapo tulicheka, naye akacheka nasi. Lakini wajukuu wake waliokuwa wakicheza nasi mpira walisema mtu, na tatu, na walitukana kwa Kiswahili cha Mombasa kama sisi. Wangerekodiwa kwa simu kwa dakika 20, mchambuzi angesema nini? Angesema Kenya, na masikio yake yangekuwa yamesikia sawasawa. Kosa liko kwenye swali. Mtoto aliyebebwa jahazini akiwa na miaka miwili, akalelewa Jomvu, atatoa wapi lafudhi ya Koyama? Lugha inaonyesha mtu alikulia wapi na alicheza na nani. Haionyeshi ni bendera gani ilimfukuza.

Profesa Derek Nurse, mtaalamu wa isimu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye Kiswahili na lahaja zake za kaskazini, amekusanya maneno na habari za Wabajuni kwa kirefu, na kazi ya namna hiyo inawasaidia mawakili kuliko hotuba 100. Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi mbili zilizotoka Scotland za watu waliosema ni Wasomali, ilionya kwamba wachambuzi wa lugha wabaki kwenye lugha na wasivuke kutoa maoni juu ya mambo ambayo utaalamu wao haujaonyeshwa. Haikuzifuta ripoti hizo. Iliziwekea mipaka. Na mipaka hiyo ilipatikana kwa sababu wapo waliokataa kuiacha kesi ya mtu aliyekwisha kuambiwa ni mwongo.

Na si lahaja tu. Chukua saa. Nikisema walikuja saa mbili usiku, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar wote wananielewa. Mkongomani wa Lubumbashi, aliyezoea kuhesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa, anaweza kuwa na maana nyingine kabisa, na mkalimani wa Nairobi atageuza kama alivyozoea yeye. Mahojiano ya kwanza yanasema saa nane, ya pili yanasema saa mbili, na barua ya kukataliwa inasema maelezo yanapingana. Chukua neno juzi, ambalo linaweza kuwa siku mbili zilizopita na linaweza kuwa mwezi uliopita. Chukua mama. Mimi nikiulizwa mama yangu yuko wapi, nitauliza yupi, kwa maana nina aliyenizaa, nina mama mkubwa aliyeninyonyesha mama alipougua, nina mama mdogo aliyenilipia ada. Mama mkubwa amefariki, wawili wako hai. Mbele ya mtu anayeandika kwa kalamu ya kutia shaka, tayari nimeshadanganya mara mbili: nina mama, mama amekufa.

Kwa hiyo kwenye kampeni ya kumtetea anayezungumza Kiswahili, kuna siku kazi kubwa kuliko zote ni ya mtu mmoja anayekaa mezani na nakala ya mahojiano, kalamu mkononi, akisoma mstari kwa mstari na mwenyewe mwenye kesi, akiuliza: hapa ulisema neno gani? Akiona pale ambapo saa iligeuka, anaweka alama. Alama hiyo inakwenda kwa wakili, na inaweza kuwa ndiyo ushahidi mpya. Waswahili tulioko ughaibuni tuna uwezo huu na tunautumia kidogo mno. Twaitana kwa harusi na kwa misiba, na tunafanya vizuri. Huyu anayekwenda kusaini Jumanne mbona hatumsindikizi?

Wapo wanaopinga kampeni hizi kwa hoja isiyo ya chuki. Wanasema mtu amesikilizwa, amekata rufaa, jaji ameamua; kama kila uamuzi utapinduliwa na kelele za barabarani, sheria itabaki ya wenye marafiki wengi. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini imechukulia kwamba maamuzi ya kwanza huwa yanakosea kwa nadra, na hapo ndipo inapoanguka: ipo miaka ya karibuni ambapo takriban nusu ya rufaa za hifadhi zilizosikilizwa Uingereza zilikubaliwa. Mlango ambao ukigongwa tena unafunguka mara moja kati ya mbili, kumwambia mtu asiugonge ni kumtakia mabaya.

Waswahili wa Kigali nao waliingizwa katika mambo haya bila kuulizwa. Aprili 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba waomba hifadhi watapelekwa Rwanda, na maombi yao yaamuliwe huko. Usiku wa tarehe 14 Juni ndege ilikuwa tayari kwenye uwanja wa kijeshi wa Boscombe Down. Orodha ya abiria ilikuwa imepungua kutoka makumi hadi saba, mawakili wakimtoa mmoja baada ya mwingine, na baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuingilia kati, hakubaki hata mmoja. Watetezi wakaigeukia kampuni ya ndege, Privilege Style ya Hispania, na ilipofika Oktoba ikajitoa. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikasema mpango huo hauruhusiwi kisheria, kwa kuwa kulikuwa na hatari ya watu kurudishwa walikokimbia. Serikali mpya iliyoingia Julai 2024 ikaufuta. Ilisema pauni milioni 700 zilikuwa zimetumika. Waliokwenda walikuwa wanne, kwa hiari yao.

Ndege ni mahali pa mwisho pa kumtetea mtu. Rubani hatarusha ndege ya abiria mtu akiwa amesimama, na hilo mwanafunzi wa Sweden, Elin Ersson, alilijua alipokata tiketi ya Gothenburg kwenda Istanbul, Julai 2018. Alikuwa amekwenda kumzuia kijana mmoja wa Afghanistan asirudishwe. Kijana hakuwemo. Alikuwemo mwingine, mwanaume wa miaka 52, asiyemjua kabisa. Ersson akasimama vilevile, simu mkononi ikirusha picha moja kwa moja, akilia, abiria mmoja akijaribu kumpokonya simu na wengine wakianza kusimama pamoja naye. Mwafghanistan aliteremshwa. Februari 2019 mahakama ilimtoza Ersson faini ya krona 3,000.

Namfikiria huyo mwanaume wa miaka 52 kwa sababu ya doa lililoko katika kampeni zetu, na wanaozipenda ndio wanaopaswa kulisema. Tunawachagua watu wazuri. Mwanafunzi anayeongoza darasa, mama wa kwaya, kijana wa timu ya mpira ya kanisa. Bango linamtaka mtu wa kupendeka. Aliyewahi kufungwa, mlevi, mkali, aliyevurugika akili njiani asiyeweza kumtazama mtu machoni, huyo daftari lake anaandika nani?

Jimmy Mubenga alikuwa Mwangola, miaka 46, mume na baba wa watoto watano, mkazi wa Ilford, mashariki mwa London. Alikuwa amefungwa kwa kosa la kushambulia mtu na kifungo akakimaliza. Tarehe 12 Oktoba 2010 alipandishwa ndege ya British Airways pale Heathrow, safari ya Luanda, akiwa na walinzi watatu wa kampuni ya G4S. Walimkandamiza kwenye kiti kwa zaidi ya nusu saa. Abiria walimsikia akilia kwamba hawezi kupumua. Alikufa ndege ikiwa bado haijaruka. Julai 2013 baraza la uchunguzi wa kifo lilisema aliuawa kinyume cha sheria. Walinzi walishtakiwa mahakamani kwa kuua bila kukusudia, na Desemba 2014 wakaachiwa huru.

Ndege ile ilikuwa na abiria. Walikuwa wamefunga mikanda, wanasubiri safari, na nyuma yao mtu anaita. Siwahukumu, mimi mwenyewe sijui ningefanya nini kwenye kiti kile, nikiwa na haraka ya kufika na walinzi wenye sare wakiniambia kila kitu kiko sawa. Najua tu kwamba hakuna aliyemjua jina.

Halafu kuna Kenmure Street.

Alhamisi, tarehe 13 Mei 2021, ilikuwa Idi. Kenmure Street iko Pollokshields, kusini mwa Glasgow, mtaa wenye Waislamu wengi wa asili ya Pakistani, wenye msikiti na hekalu la Masingasinga. Asubuhi gari la maofisa wa uhamiaji lilifika likawachukua wanaume wawili kutoka India, watu waliokuwa wameishi Uingereza kwa takriban miaka kumi. Hakuna kati yao aliyekuwa Mwislamu. Kabla gari halijaondoka, mtu mmoja alijipenyeza chini yake akalala kwenye lami, na gari likashindwa kusogea bila kumuua.

Taarifa zikaenda simu kwa simu. Watu wakatoka: vijana, wazee wa Kipakistani na nguo zao za Idi, wanafunzi, akina mama wenye vigari vya watoto, Waskoti wenye barakoa kwa sababu korona ilikuwa bado haijaondoka. Wakakaa chini barabarani, mbele na nyuma ya gari. Kutoka majumbani yakaja maji, chai, matunda, vyakula vya sikukuu vilivyopikwa kwa wageni wengine. Waliokuwa hawajui wanaume wale ni nani waliuliza waliokaa jirani yao, na wengi wa hao nao walikuwa hawajui. Waliimba kwamba hawa ni majirani zetu, waachieni. Mtu yule akabaki chini ya gari kwa karibu saa nane. Polisi waliongezeka, umati nao ukaongezeka, hadi mamia.

Jioni, wakili Aamer Anwar akiwa amefika na mazungumzo yamefanyika, polisi wa Scotland walitangaza kwamba kwa ajili ya usalama wa watu wote wanaume wale wataachiwa. Mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa. Wakatoka wawili, wamechanganyikiwa, wakapita katikati ya kelele na vigelegele vya watu ambao asubuhi ile walikuwa wageni kwao. Aliyekuwa chini ya gari naye akatolewa, mwili umekakamaa.

Sikumaliza kutazama picha za siku hiyo kwa mara moja. Kila nikizirudia namwona mtu mpya kwenye umati: mzee wa kanzu amekunja miguu kwenye lami, mtoto ameshika chungwa. Gari likaondoka tupu. Watu wakaokota vikombe, wakakunja mikeka, wakarudi majumbani, maana ilikuwa bado ni Idi na wageni walikuwa wanatazamiwa.